Mashine tumenunua, umeme wake je?

Ndugu zangu tuliorudi nyumbani, nanyi wafanyabiashara wa mpakani, leo naomba tuongee kuhusu mashine tunazozivusha.

Mwaka 2023 jirani yangu hapa Rumonge, mrejea kama mimi, aliingiza mashine ya kukamua mawese kupitia Manyovu na Mugina. Ilikuwa na kompyuta ndogo ya kupima joto la kupikia chikichi na kufungua na kufunga vali za mvuke. Tulifurahi sana. Miezi mitatu haikuisha, umeme ukakatika jioni moja, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, na kompyuta ikafa.

Chikichi zikishavunwa zinatakiwa kupikwa ndani ya siku moja au mbili. Zikizidi hapo mafuta huchacha na bei hushuka. Akina mama waliokuwa wameleta mizigo yao, wengine kwa mkopo, walisubiri wiki mbili hadi fundi alipofika kutoka Dar es Salaam. Fundi huyo hakulaumu mashine. Aliuliza tu: stabilaiza iko wapi? Waya wa ethi umechimbiwa wapi? Nani aliweka kompyuta kando ya boila? Hatukuwa na jibu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilizaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, nikarudi Burundi mwaka 2009. Nilipaswa kujua, lakini sikuulizwa, nami sikusema.

Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde. Kompyuta nyingi za kuendeshea mitambo zimeundwa kuvumilia ukosefu wa umeme kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, yaani nusu ya wimbi. Ukikosekana zaidi ya hapo, kompyuta inaweza kuzimika katikati ya kazi, mvuke ukiwa bado ndani ya mabomba. Ndiyo maana inahitaji betri ya akiba, japo ya dakika chache, ili ifunge vali kwa utaratibu. Hapa si suala la mali tu, ni maisha ya kijana anayesimama mbele ya boila.

Wapo watakaosema, “Mwalimu, mimi nina jenereta.” Vizuri, lakini jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka na kushika mzigo, na ikiwa ndogo, umeme wake hupanda na kushuka kila mota kubwa inapowashwa. Jenereta haichukui nafasi ya betri wala stabilaiza.

Wengine husema kompyuta za kiwandani ni ngumu, si kama zile za ofisini. Ni kweli. Nyingi huruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 55. Lakini joto hilo ni la ndani ya kabati lake. Chukua joto la kando ya ziwa, ongeza la bati la paa, la boila na la kompyuta yenyewe, uone utafika ngapi. Baadhi ya vipuri vya ndani hupoteza nusu ya maisha yao kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ongeza vumbi, moshi na unyevu unaogeuka matone usiku. Kabati liwe la chuma, lenye kuzuia vumbi na maji, mbali na boila. Kwa wenzetu wa milimani kwenye chai, ukipita mita 2,000 hewa ni nyepesi na hupoza kidogo, hivyo wasome maelekezo ya mtengenezaji kabla ya kufunga mitambo.

Sasa tuna umeme wa Rusumo, megawati 80 tunazogawana sawasawa na Rwanda na Tanzania. Ni jambo la kushukuru. Lakini umeme kuwa mwingi na umeme kuwa tulivu ni mambo mawili. Radi bado itapiga nguzo, na mti bado utaangukia waya.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mfanyabiashara, usimuuzie mtu mashine ya kompyuta bila kumwuliza itafungwa wapi na itatumia umeme wa namna gani. Mnunuzi, weka stabilaiza, betri, ethi na kabati katika hesabu ya kwanza, si baada ya hasara. Rahisi huvunja upishi. Na shule za ufundi ziwafundishe vijana wetu kazi hii, tusisubiri fundi wa wiki mbili huku chikichi zinaoza.

Jirani yangu amehamisha kabati lake na kuchimbia ethi. Mashine inafanya kazi hadi leo. Lakini baadhi ya wale akina mama bado wanalipa deni la wiki zile mbili.