Mirungi inawamaliza madereva wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze uchungu wangu kuhusu mirungi, ambayo hapa Tanzania ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku kisheria, lakini inatafunwa mchana kweupe kama karanga.

Mdogo wangu ni dereva wa lori. Alianza kutafuna ili asisinzie katika safari za usiku. Akakosa hamu ya kula, akakonda; kisha usingizi ukamkimbia hata akiwa nyumbani. Choo kikawa shida, akawa mkali kwa mkewe, akaanza kudai kuna watu wanamfuatilia. Siku moja moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, tukamkimbiza hospitali. Presha ilikuwa juu. Daktari alitueleza kwamba kemikali iitwayo kathinoni iliyomo katika majani mabichi ya mirungi huuhimiza moyo na kubana mishipa ya damu. Uchovu wenyewe hauondoki, unafichwa tu. Stimu ikiisha, usingizi humwangukia dereva akiwa kwenye usukani, na nyuma yake kuna basi limejaa watu.

Wanaosema "ni majani tu" wananiudhi. Kwani bangi si majani?

Naiomba Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya isiishie kuteketeza mashamba ya mirungi milimani, ifike pia kwenye maegesho ya malori. Wamiliki wa malori nao wawape madereva muda wa kulala. Na wewe msomaji mwenzangu uliyemsaidia ndugu yako kuacha mirungi, tafadhali tuandikie ulivyofanya.

Msomaji wako,
Korogwe, Tanga