Mionzi Haionekani, Lakini Hupimika

Hapa Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, wapo watu wanaoiogopa mionzi kupita kiasi, na wapo wasioijali kabisa. Sisi wauguzi tunaona kwamba pande zote mbili zina kosa moja: zinakisia badala ya kupima.

Mionzi haina rangi wala harufu, na inapopita mwilini haiumi. Ndiyo maana vikatengenezwa vipimo. Mwaka 1928 wataalamu wa Kijerumani, Hans Geiger na Walther Müller, walitengeneza mrija wenye gesi ambao hutoa umeme kidogo kila mionzi inapopita, na mipigo hiyo huhesabiwa. Kipo pia kipimo kidogo anachovaa kifuani mtumishi wa eksirei. Ndani yake mna kipande cha fuwele kinachotunza nguvu ya mionzi siku hata siku. Kikipashwa moto maabara hutoa mwanga, na wingi wa mwanga huonyesha wingi wa mionzi. Wenyeji wa Maganzo wasishangae: hata almasi hung'aa ikipigwa eksirei, na migodi hutumia tabia hiyo kuitenga na mawe mengine.

Mionzi inayoingia mwilini huhesabiwa kwa milisiveti. Kwa wastani, kila mtu duniani hupata 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Picha moja ya kifua haizidi kama 0.1, yaani kiasi cha majuma mawili tu ya maisha ya kawaida. Basi mchimbaji mwenye kikohozi cha majuma mawili au zaidi, anapokataa picha kwa kuhofia utasa, anakimbia kitu kidogo na kukaa na kifua kikuu kinachoweza kumwua na kuwaambukiza watoto wake.

Hata hivyo, udogo huo usilete uzembe. Mgonjwa hupigwa picha mara chache. Mtumishi yumo chumbani humo kila siku. Kikomo chake ni milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Kwa mtu mwingine, mbali na matibabu yake, ni 1. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo hukagua mashine na kusoma vipimo vya watumishi. Lakini kipimo kilichoachwa kwenye koti lililotundikwa hupima ukuta, si mtu. Maoni yetu ni kwamba kila mtumishi avae kipimo chake, na kila kinaposomwa aambiwe kiasi alichopata. Majibu yasiishie kwenye jalada.

Nanyi wazazi, msiingie chumba cha picha bila kuitwa. Ukitakiwa kumshika mtoto, omba aproni ya risasi. Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kupigwa picha.

Nje ya hospitali iko hatari nyingine, nayo ni vyuma chakavu. Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, watu wawili walichukua chombo cha chuma kutoka hospitali iliyohamwa, na kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa buluu gizani. Watu waliupenda, wakagawiana ndugu na majirani. Zilipita siku nyingi wakiugua kabla mtaalamu hajaleta kipimo na kugundua kuwa ni mionzi. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 walikutwa na unga huo, na 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6.

Migodi na viwanda pia hutumia vyombo vya namna hiyo, kwa mfano kupima tope linalopita kwenye mabomba. Katika ukanda wetu wa madini, vijana wengi huokota na kuuza vyuma. Wafundisheni alama ya hatari: duara dogo lenye mapanga matatu kama ya feni, jeusi juu ya rangi ya njano. Wakiiona kwenye chuma chochote, wasikiguse wala kukifungua. Waondoke hapo, wawazuie wengine kusogea, na watoe taarifa kwa serikali ya kijiji au polisi, ili Tume iitwe ije na vipimo.

Kamwe mtu asifungue chombo cha namna hiyo eti aone kilichomo. Kazi hiyo ni ya mwenye kipimo mkononi.