Methi si unga, na methadoni haiitibu

Oktoba 2025 jahazi lilivutwa hadi Bandari ya Mombasa likiwa na zaidi ya tani moja ya methamfetamini, au methi kwa ufupi. Serikali ilisema thamani yake ni shilingi bilioni 8.2. Barazani tulizungumza pesa. Mwili wa kijana hatukuuzungumza.

Pwani twawajua mateja wa unga. Omari Project ilianza Malindi mwaka 1995 kuwasaidia, na tangu 2015 hospitali ya Malindi inatoa methadoni. Ni kheri kubwa. Lakini imetupa mazoea: kijana akiharibika, twasema apelekwe akanywe methadoni. Kwa methi haifai. Methadoni hushika nafasi ya heroini; methi ina njia nyengine kabisa, na hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa ya kumtoa mtu kwenye uraibu wake.

Dalili pia ni tofauti. Wa unga husinzia. Wa methi halali, usiku wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Hali chakula, akonda, meno yaoza, ajichuna ngozi. Moyo waenda mbio, shinikizo la damu lapanda, na kijana wa miaka 25 aweza kupigwa na kiharusi tulichozoea kukiona kwa wazee. Joto la mwili nalo hupanda; kwa anayebeba mizigo juani Marafa, hilo pekee laweza kumuua.

Kisha zaja sauti. Asema anafuatwa, mamake anamtilia sumu. Hapo nyumba nyingi huamua ni jini. Mganga huitwa, au kijana hufungwa kamba. Mimi ni Muislamu na siipingi dua, msomeeni. Lakini siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali, kwani wazimu huu una matibabu, na wengi hutulia wakilala na kuacha dawa. Mkiwa njiani semeni naye kwa upole, msimzunguke wengi, ondoeni visu na mapanga.

Akiacha, atalala mno, atakula mno, kisha huzuni itamshika. Wiki hizo asiachwe peke yake, maana wengine hutaka kujiua. Kinachomponya ni ushauri nasaha wa miezi kadhaa na familia isiyomchoka.

Na hapo ndipo penye deni. Mtu wa Marafa hawezi kulipa nauli ya kwenda Malindi kila wiki kwa mshauri. Kaunti ya Kilifi ilete mshauri wa uraibu na afya ya akili katika vituo vya Magarini, japo siku moja kwa wiki. Kwa sasa, simu ya NACADA ni 1192, haina malipo. Mzazi, piga kabla ya kutafuta kamba.