Mgeni Asiye na Madeni



Kwetu Kongo, mtu atakaye kusema kwa simu ya mkononi hununua kwanza muda wa maongezi kwa franka zake, kisha husema. Fedha zikiisha, maongezi hukatika. Kampuni haina haja ya kujua kama ulimlipa mwenye duka mwezi uliopita. Ndiyo maana wengi hushangaa wapatapo habari kutoka kwa ndugu zao waliohamia Marekani. Kijana ameingia dukani kutafuta simu, ameonyesha hati ya mshahara wake, naye ameambiwa aweke kwanza fedha za dhamana, pengine mamia ya dola. Aliyemfuata katika mstari hakuombwa hata senti moja. «Je, wamenidharau kwa kuwa mimi ni mgeni?» Yafaa tulichunguze swali hilo bila hasira.

Huko watu wengi huchukua simu leo, na bei yake huilipa kidogo kidogo kwa miaka 2 au 3. Kampuni, basi, inakopesha. Wenye maduka wa mtaani kwetu nao hukopesha chumvi na sabuni, lakini wao wamjua mteja, wamjua mama yake, na wajua mlango wa kubisha akichelewa. Kampuni yenye wateja mamilioni haimjui mtu; huwauliza watunza-madaftari ya madeni. Walio wakubwa ni watatu: Equifax, Experian na TransUnion. Hao huandika nani alikopa, alilipa lini, alichelewa mara ngapi. Katika maandiko hayo hutolewa alama. Ile iitwayo FICO, iliyoanza kutumika mwaka 1989, huanzia 300 na kufika 850. Mshahara hauhesabiwi humo hata kidogo.

Hapo ndipo kijana wetu anaposhindwa. Daftarini hakuna neno baya juu yake; hakuna neno lolote. Ili apate alama ya FICO, yampasa awe na angalau hesabu moja ya mkopo iliyotimiza miezi 6. Aliyekopa akalipa huaminiwa, aliyekopa akakataa kulipa hushukiwa, na yule asiyekopa tangu kuzaliwa kwake huketishwa karibu na huyo mkaidi. Wazazi wetu walitufundisha kuyakimbia madeni. Kumbe huko ayakimbiaye kabisa hawezi kuonekana!

Siwezi kuilaumu kampuni kwa kujikinga. Mtu akitoroka na simu, hasara yake huwaangukia wateja waaminifu. Tena fedha za dhamana hubaki mali ya mteja, na desturi ni kumrudishia akiisha kulipa vema kwa muda uliowekwa. Lakini dola 300 haziwi na uzito ule ule kwa kila mtu. Kwa mwenye akiba ni usumbufu tu. Kwa baba aliyefika juzi na watoto watano ni chakula cha wiki kadhaa. Kutojulikana si kosa, wala si haki kukutoza kama kosa.

Kibaya zaidi ni malipo yafichwayo. Mwaka 2015 Halmashauri ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Sprint. Wateja wenye alama ndogo walikuwa wakitozwa dola 7.99 zaidi kila mwezi, na wengi hawakupewa barua ya kuwaeleza sababu kwa ukamilifu kama sheria iagizavyo. Wengine waliipata wakati wamekwisha kufungwa na mapatano. Sprint ikakubali kulipa dola milioni 2.95. Hebu tupige hesabu: dola 7.99 kwa miezi 24 ni karibu dola 192, wala hazirudi. Kwangu mimi, afadhali dhamana inayotajwa waziwazi.

Sheria ya mwaka 1970 yampa mteja nguvu asiyoitumia mara nyingi. Akitakiwa dhamana kwa sababu ya daftari, kampuni yapaswa kumwambia hivyo na kumtajia mtunza-daftari aliyeulizwa. Naye mteja ana siku 60 za kuomba nakala bila malipo na kukana yaliyo ya uongo. Asidhani ni kazi bure. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mtu mmoja katika kila 5 alikuwa na kosa katika daftari mojawapo. Sheria nyingine, ya mwaka 1974, yakataza kumbagua mwombaji wa mkopo kwa rangi, dini au taifa alilotoka.

Mwaka 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi Wakongo zaidi ya 16,000. Wakimbizi wa namna hiyo kwa kawaida walipewa tiketi ya ndege kwa mkopo usio na riba, na malipo yake huandikwa katika madaftari hayo hayo. Kwa hiyo wengi wamo tayari katika njia ya kujulikana, pengine bila kufahamu. Asiyeweza kungoja aweza kununua muda wa maongezi kwanza, kama kwetu, maana huduma hiyo iko huko pia na kwa kawaida haiulizi daftari. Naye akubaliye kuweka dhamana asitoke dukani bila karatasi iliyoandikwa kiasi alichoweka, na siku ya kurudishiwa.