Birika Kwanza, Bwawa Baadaye

Anayejenga nyumba ya kupangisha watalii Paje, Jambiani au Matemwe siku hizi huanza na vitu vinavyopendeza kwenye picha: mlango wa kuchonga, paa la makuti, samadari yenye chandarua cheupe, na bwawa la kuogelea linalotazama bahari. Akiongeza taa za sola na kuondoa mirija ya plastiki, nyumba huitwa rafiki wa mazingira. Naona huko ni kuanzia mkiani. Katika mwambao wa mashariki wa Unguja, swali la kwanza la mjenzi ni maji: yatatoka wapi, na yakishatumika yataenda wapi. La pili ni joto. Rangi ya mito ya makochi inaweza kusubiri.

Upande huo hauna mito ya kutegemewa. Mvua huzama katika jiwe la matumbawe lenye matundu, kisha maji hayo matamu hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini. Pampu ikivuta kupita kiasi chumvi hupanda, na haichagui kupanda kwenye kisima cha mwenye pampu peke yake. Mtafiti Stefan Gössling, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 2001, alikadiria kuwa mtalii katika mwambao huo hutumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, ilhali mwenyeji hutumia lita 48 hivi. Tofauti hiyo inatisha, lakini kinachofundisha zaidi ni maji hayo yaliishia wapi: hotelini, karibu nusu yalimwagwa bustanini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ubadhirifu huo haikumwongezea mgeni raha yoyote. Ilinywesha nyasi ambazo mchanga wa pwani haukuzitaka tangu mwanzo.

Tupige hesabu ya kuvuna mvua kwa birika, yaani hodhi la kuhifadhia maji. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ambayo ni makadirio ya tahadhari kwa Unguja, hukusanya lita 100,000. Tutoe robo kwa yanayopotea, zibaki 75,000. Wageni wanne wakitumia kwa kiwango cha Gössling watazimaliza kwa siku 27. Wakitumia lita 120 kila mmoja, zitawatosha zaidi ya miezi mitano. Lita 120 si adhabu: ni bomba la mvua lenye nguvu lakini lisilomwaga ovyo, choo kinachosukuma maji machache, na ua wenye mikadi na mikungu inayonyweshwa maji ya kuogea. Bwawa la mita nane kwa nne, lenye kina cha mita moja na nusu, hulamba lita 48,000 kulijaza tu, na bahari iko hatua chache kutoka hapo. Tatizo ni kwamba makuti hayafai kuvunia maji, kwani huyapaka rangi na kuyajaza takataka. Basi yafunike baraza, na nyumba yenyewe iezekwe bati au zege. Na anayeogopa kwamba birika litazaa mbu akumbuke nyumba za zamani za Lamu, ambako samaki wadogo walifugwa birikani ili wale viluwiluwi.

Kuhusu maji machafu maneno hayahitaji kuwa mengi. Karo lisilosakafiwa, likichimbwa katika jiwe lile lile lenye matundu, linarudisha kinyesi kwenye maji ya kunywa ya kijiji. Tangi lililozibwa vizuri, likifuatiwa na kitalu cha kokoto na matete, ligharimiwe kabla ya mlango wa kuchonga.

Kwa upande wa joto, miji ya kale ya pwani ina mengi ya kutufunza, ingawa si kila kitu. Kuta nene, nyua za wazi katikati ya nyumba na madaka yenye kivuli vilipunguza ukali wa jua. Lakini chokaa ilichomwa kwa kuni nyingi, na boriti zilikatwa mikokoni. Kurudia malighafi zile kwa wingi wa leo kungeumiza pwani tunayodai kuilinda. Kinachofaa kuchukuliwa ni akili ya ujenzi: upenu mpana, madirisha yanayotazamana, chumba kinachopokea kusi na kaskazi.

Nitaambiwa kwamba mgeni hulipia kiyoyozi. Wengine ndiyo, hasa Februari. Basi kiwekwe kwenye chumba cha kulala tu, kinachozibika na chenye kivuli, na sehemu nyingine zote zitegemee upepo na pangaboi, ambalo hula wati 70 hivi mahali ambapo kiyoyozi hudai 1,000 au zaidi. Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Nyumba isiyopitisha hewa bila mashine iligeuka tanuri, au ilikodi jenereta.

Pingamizi zito zaidi ni la haki: kwa nini mwenye vyumba viwili abanwe wakati hoteli kubwa zinavuta maji usiku na mchana? Hoteli zibanwe kwanza, tena kwa mita zinazosomwa. Lakini nyumba ndogo zinaongezeka, na tabaka la maji haliulizi pampu ni ya nani. Na mdogo ndiye atakayekosa pesa za kununua maji ya boza kisima kikiingia chumvi. Upenu na mwelekeo wa madirisha huamuliwa kwenye ramani, kwa gharama ndogo. Birika na tangi ndivyo vilivyo ghali, na hapo ndipo serikali inaweza kusaidia kwa unafuu wa kodi kwenye vifaa, huku kibali cha ujenzi kikidai mchoro wa birika na wa maji machafu kabla ya kuruhusu bwawa lolote.