STAA ANAYETAKA KUZEEKEA MIAMI KAULIZA BEI YA BIMA?

Kuna staa wa zamani wa Bongo, yuko Marekani miaka kibao. Juzi katupia picha za ufukweni Miami, eti baridi ya Minnesota basi, uzee wake ni Florida tu. Mashabiki wakamwaga makopakopa: kule hakuna kodi ya mapato ya jimbo!

Kweli haipo. Ila bima ya nyumba huko ni kati ya ghali kabisa Marekani, maana vimbunga havipigi hodi. Septemba 2022 Kimbunga Ian kiliichakaza Fort Myers, mji uliojaa wastaafu waliofuata jua hilohilo. Na Surfside, jirani tu na Miami Beach, ghorofa liliporomoka usiku Juni 2021, watu 98 wakafa. Baada ya hapo sheria za ukaguzi zikakazwa, na bili ya ukarabati anabebeshwa mwenye fleti, pensheni iwe nono au kiduchu.

Mzee anahitaji hospitali karibu, siyo selfi. Gainesville ipo hukohuko Florida, mbali na bahari, joto lipo, na ina hospitali kubwa ya chuo kikuu. Lakini nani atalaiki picha ya Gainesville?

Bili ikimshinda, grupu la michango WhatsApp litafunguliwa na nani? Hao wa makopakopa?