Mba kichwani? Ndimu mwachie samaki

Wiki hii naongea na nyie masista duu na mabrazameni mnaoogopa kuvaa fulana nyeusi. Unatinga kiwanja umependeza ile mbaya, ukijikuna mara moja tu mabega yamejaa unga kama umetoka mashine ya kusaga. Mtoto uliyekuwa unamtupia ndoano anasogeza kiti.

Kwanza tuelewane, mba siyo uchafu. Kuna fangasi anaitwa malasezia, karibu kila mtu anaye, anaishi kwa kula mafuta ya ngozi. Akishakula anaacha masalio yanayowasha baadhi yetu, ngozi inachachamaa na kujibandua harakaharaka. Ndiyo maana ukimwaga mafuta kichwani eti kulainisha mba, unampakulia jamaa pilau.

Sasa imeingia fasheni ya kupaka asidi kichwani. Usiruke, siyo ile ya betri ya gari! Inayotumika sana ni asidi ya salisiliki, ndugu yake aspirini. Kazi yake ni kulegeza ile gundi inayoshikanisha magamba, ukisuuza yanaondoka na maji. Wengi mmeshaitumia bila kujua: ile dawa ya Whitfield ya fangasi za miguu ina asilimia 3 ya asidi hiyo. (Hiyo ina mafuta, usije ukaipaka kichwani ukasema nimekutuma.) Marekani shampuu za mba zinaruhusiwa kuwa nayo asilimia 1.8 mpaka 3.

Gawa nywele mafungu, shampuu ifike kwenye ngozi, ngoja kama dakika 5, suuza. Mara 2 kwa wiki inatosha. Mnaomwagia juu ya rasta za miezi miwili mnaosha rasta tu, mba wako chini wanakucheka.

Ila asidi inabandua magamba, fangasi mwenyewe haimmalizi. Kiboko yake ni shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, ipo maduka ya dawa. Mi naona kama magamba ni mazito, gandamana kabisa, anza na asidi yapungue, halafu ndo uingize ketokonazoli. Kama ni vumbi kidogo tu, ruka asidi, okoa mshiko wako.

Wanaonitisha ni wale waliotoka saluni kuweka dawa jana, leo wanapaka asidi. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni! Ngozi bado mbichi, utalia mchana kweupe. Acha wiki mbili zipite, na kama una kidonda kichwani usiguse kabisa. Mwenye mzio wa aspirini naye akae mbali.

Halafu kuna wataalamu wa ndimu. Wanapaka, wanatoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua kali yanaweza kuunguza ngozi na kukuachia madoa meusi kwenye paji la uso, sasa hapo umetibu nini?

Na yule mdogo wako mwenye mabaka ya mviringo, nywele zimekatika, hayo ni mapunye, siyo mba. Asidi haiyatibu, anahitaji vidonge vya hospitali kwa wiki kadhaa. Mpeleke wiki hiihii, maana anaambukiza na wenzake anaolala nao mto mmoja.